JINA LA NDUGU: UKOO WA FRERE NA WATU WA KENGELENI



Wapendwa waamini, kila tunapofungua kitabu cha ubatizo cha parokia kuandika habari za mtoto, tunaandika majina ya namna mbili. Lipo jina la mtakatifu, ambalo wazazi wamelichagua, na lipo jina la ukoo, ambalo hakuna aliyelichagua, kwa maana limerithiwa. Majina mengine ya ukoo yameenea mno hata hayatushangazi. Mengine ni adimu kiasi kwamba ukilikuta jina hilo mahali pawili palipo mbali, unaanza kuuliza habari zake.

Jina Frere ni la namna hiyo. Huko Mombasa, upande wa bara kaskazini ya kisiwa, lipo eneo liitwalo Frere Town. Huko Karachi, nchini Pakistan, lipo jengo la fahari liitwalo Frere Hall. Katika jimbo la KwaZulu-Natal, nchini Afrika Kusini, kipo kijiji chenye stesheni ya reli kiitwacho Frere. Na mlima mrefu kuliko yote katika jimbo la Queensland, nchini Australia, unaitwa Bartle Frere. Mahali hapa pote panatokana na ukoo mmoja wa Kiingereza, ambao haukuwa mkubwa kwa idadi ya watu.

Jina lenyewe lina asili ya Kifaransa. Maana yake ni ndugu. Waamini wenzetu wa Kongo, Rwanda na Burundi waliosoma katika shule za watawa wa Kibelgiji wanalifahamu vema neno hilo, kwani ndivyo walivyowaita mabruda waliowafundisha. Kwa hiyo mtu akisema Frere Town, kwa lugha yetu amesema Mji wa Ndugu. Juma hili tunawaalika tufuatane na jina hilo katika safari yake, tujiulize ni nani aliyestahili kuitwa ndugu, na ni nani aliyeitwa hivyo bila kutendewa hivyo.

MAWE YA HOXNE

Tuanze na John Frere, aliyezaliwa mwaka 1740. Alikuwa mwenye mashamba katika mashariki ya Uingereza na mpenzi wa mambo ya kale. Mwaka 1797 aliwaandikia barua wataalamu wenzake wa London kuhusu mawe yaliyochongwa ambayo mafundi wa matofali waliyachimbua katika kijiji cha Hoxne, jimbo la Suffolk. Mawe hayo yalikuwa chini sana ardhini, chini ya tabaka za mchanga, changarawe na udongo wa mfinyanzi. John Frere alitambua kwamba yalikuwa zana za watu wasiojua chuma, na akathubutu kusema kuwa watu hao waliishi zamani za mbali mno, kupita alivyodhania mtu yeyote wa siku zake. Barua yake ilichapishwa mwaka 1800, kisha ikasahauliwa kwa zaidi ya nusu karne. Leo wataalamu wanayakadiria mawe hayo kuwa na umri wa miaka ipatayo 400,000.

John Frere alifariki mwaka 1807. Mama mmoja wa uzao wake, Cecilia Frere, aliolewa na mchoraji Erskine Nicol, na mwaka 1913 wakapata binti waliyemwita Mary. Binti huyo alipelekwa kusoma katika shule za watawa wa Kikatoliki, ambako nidhamu ilimshinda na akafukuzwa. Baadaye aliolewa na Louis Leakey, na sisi wa Afrika Mashariki tunamfahamu kwa jina la Mary Leakey. Ndiye aliyeliona fuvu la Olduvai, nchini Tanzania, tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mumewe alikuwa kambini akiugua. Fuvu hilo lilipewa jina Zinjanthropus, kutokana na neno Zinj, ambalo ni jina la kale la Kiarabu la pwani yetu. Mwaka 1978, huko Laetoli, kundi lake lilifukua nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita.

Basi tazameni jambo hili. Mzee wa ukoo aliokota jiwe kule Suffolk, na mmoja wa uzao wake akaja kupiga magoti katika vumbi la Ngorongoro, akasafisha nyayo kwa brashi. Kazi ya wote wawili inatuelekeza upande mmoja, yaani kwamba mizizi ya wanadamu ni mirefu na imeungana, na sehemu kubwa ya mizizi hiyo imo katika ardhi ya Afrika. Ukoo ulioitwa Ndugu ulisaidia kuionyesha dunia kuwa watu wote ni ndugu. Laiti habari ingekwisha hapo.

KUTOKA MALTA HADI BOMBAY

Mwana wa kwanza wa John Frere aliitwa John Hookham Frere. Alikuwa balozi wa nchi yake katika Ureno na Hispania wakati wa vita dhidi ya Napoleon, na vilevile mshairi na mfasiri wa michezo ya kuigiza ya Aristophanes, Mgiriki wa kale. Miaka yake ya mwisho aliishi katika kisiwa cha Malta, na huko akafa mwaka 1846.

Mwaka 1834 mzee huyu alitembelewa Malta na kijana wa ndugu yake, Henry Bartle Frere, aliyezaliwa Wales tarehe 29 Machi 1815. Kijana alikuwa njiani kwenda India kuanza kazi ya utawala. Alipanda ngazi upesi. Alitawala Sindh kwa miaka mingi, na mwaka 1852 akatoa huko stempu za posta zilizokuwa za kwanza katika bara zima la Asia. Kuanzia 1862 hadi 1867 alikuwa Gavana wa Bombay, mji unaoitwa leo Mumbai. Frere Hall ya Karachi, iliyofunguliwa mwaka 1865, ilijengwa kwa heshima yake.

Binti yake, Mary Frere, alifuatana naye katika safari za India, na mwaka 1868 alichapa kitabu cha hadithi za Kihindi kilichosomwa sana Ulaya. Hadithi hizo hakuzitunga yeye. Alisimuliwa na yaya wake, Mkristo wa Kihindi aliyeitwa Anna Liberata de Souza. Ni sifa kwa Mary Frere kwamba alilitaja jina la yaya huyo katika kitabu chenyewe na kuandika maisha yake kama alivyoyasimulia mwenyewe, jambo ambalo wakubwa wengi wa enzi hiyo wasingelifanya. Liberata maana yake ni aliyewekwa huru. Jina hilo litukae akilini tunapoelekea Unguja.

MKATABA WA MWAKA 1873

Mwishoni mwa 1872 serikali ya Uingereza ilimtuma Bartle Frere kwa Sultani Barghash wa Zanzibar, ili amshawishi akomeshe biashara ya watumwa. Alifika Unguja Januari 1873. Kisiwa kilikuwa kimepigwa na kimbunga mwaka uliotangulia, mikarafuu ikang'oka kwa wingi, na Sultani akaona kwamba kuondolewa watumwa wakati huo kungekuwa maangamizi ya nchi yake. Alikataa. Frere aliondoka bila saini. Waingereza wakatishia kuizingira Zanzibar kwa manowari, na tarehe 5 Juni 1873 Barghash akatia saini mbele ya balozi John Kirk. Soko la watumwa likafungwa, na kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari kukapigwa marufuku.

Tusiukuze mkataba huo kupita kiasi. Utumwa wenyewe haukufutwa siku ile. Zanzibar uliondolewa kisheria mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Waliotoroka wakiwa bado ni mali ya bwana waliendelea kusakwa, na misafara ya nchi kavu ilizidi kwa muda kwa sababu njia ya majini ilikuwa imezibwa. Hata hivyo, ulikuwa ni mlango uliofungwa, na watoto wengi ambao wangeuzwa ng'ambo hawakuuzwa.

Katika safari hiyo hiyo Frere alivuka kwenda Bagamoyo, kuwatembelea Mapadre wa Roho Mtakatifu. Misioni yao ilikuwa imeanzishwa mwaka 1868, chini ya Padre Antoine Horner, na walikuwa wakiwalea watoto waliokombolewa utumwani kwa sala, shule, kilimo na ufundi. Frere alikuwa Mwanglikana, tena mwakilishi wa serikali isiyokuwa na mapenzi makubwa kwa mapadre wa Kifaransa. Lakini aliyoyaona aliyasifu waziwazi katika taarifa yake, na akawahimiza wamisionari wa kanisa lake waende wakajifunze kwa Wakatoliki wa Bagamoyo. Kusifu mema ya mtu asiye wa upande wako ni tendo la undugu, nasi tunalihesabu upande wake wa haki.

NDUGU ALIYEANZISHA VITA

Miaka minne baadaye, yaani mwaka 1877, mtu huyu huyu alipelekwa Afrika Kusini kuwa Gavana wa Rasi na Kamishna Mkuu wa Uingereza. Alikwenda na mpango wa kuziunganisha nchi zote za huko chini ya bendera moja, na ufalme wa Wazulu ulionekana kuwa kizuizi. Tarehe 11 Desemba 1878 alimpelekea Mfalme Cetshwayo masharti, na kubwa kati yake lilikuwa kulivunja jeshi lake ndani ya siku 30. Masharti hayo yalitungwa yasikubalike. Serikali ya London ilikuwa imemwambia asianzishe vita, yeye aliianzisha.

Januari 1879 majeshi ya Kiingereza yaliingia nchi ya Wazulu. Tarehe 22 ya mwezi huo, huko Isandlwana, Wazulu waliwashinda, na watu zaidi ya 1,300 wa upande wa Waingereza wakauawa, pamoja na Wazulu wengi sana. Mwezi Julai mji mkuu wa Ulundi ulichomwa moto, na mwezi Agosti Cetshwayo akakamatwa na kupelekwa uhamishoni. Ufalme ukavunjwa vipande vipande.

Hapa moyo unasita. Je, yupi ndiye Bartle Frere wa kweli? Ni yule aliyefunga soko la Unguja, au yule aliyeteketeza makao ya taifa ambalo halikumkosea? Sisi tunaona ni mtu mmoja. Unguja alitumia manowari kwa neno lililokuwa jema, na katika nchi ya Wazulu alitumia bunduki kwa neno lililokuwa baya, na mahali pote pawili aliamini kwamba yeye ndiye mwenye kuamua mema ya watu wengine. Aliwahurumia Waafrika waliokuwa wamefungwa minyororo. Mwafrika aliyesimama wima mbele yake, mwenye mfalme wake na jeshi lake, hakuweza kumwona kuwa ndugu. Huruma ya namna hiyo inatoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na mdogo akiinua kichwa inageuka kuwa ghadhabu. Kila mmoja wetu aliyewahi kumsaidia jamaa maskini, kisha akaudhika siku jamaa huyo alipomjibu kama mtu mzima, anajua jaribu hilo.

Frere aliitwa nyumbani mwaka 1880. Alifariki tarehe 29 Mei 1884, akazikwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London.

JINA JUU YA RAMANI

Wenye nguvu hupenda kuyaandika majina yao juu ya ardhi. Mlima ule wa Queensland, wenye urefu wa zaidi ya mita 1,600, ulipewa jina la Bartle Frere mwaka 1873 na mpelelezi Dalrymple, wakati Frere alipokuwa rais wa chama cha wanajiografia cha London. Frere hakuwa na lolote katika mlima huo. Wenyeji wa asili walikuwa nao kwa vizazi visivyohesabika, na wao huuita Chooreechillum.

Kijiji cha Frere kule KwaZulu-Natal kilijulikana duniani mwaka 1899, katika vita vya Waingereza na Makaburu. Karibu na hapo, tarehe 15 Novemba, treni ya kivita ilishambuliwa, na mwandishi kijana Winston Churchill akatekwa. Katika jimbo la Rasi ya Mashariki ulikuwapo mji wa Mount Frere, ambao sasa jina lake rasmi ni KwaBhaca, yaani kwa watu wa kabila la Wabhaca. Huko pia, katika mji wa East London, ipo hospitali iitwayo Frere.

Jina juu ya ramani huja na huondoka. Leo linapakwa rangi kwenye kibao, kesho kibao kinang'olewa. Hatusemi haya kwa kejeli, wala hatudai kwamba kila kibao kibadilishwe. Tunasema tu kuwa jina lililoandikwa juu ya ardhi halina uhai wenyewe. Linaishi kwa wale wanaokaa pale. Na hivyo tunarudi Mombasa, mahali ambapo jina la ukoo huu lilipata watu.

WENYEJI WA FRERE TOWN

Baada ya mkataba wa 1873 manowari za Waingereza zilizidi kuyakamata majahazi ya watumwa, na swali likawa watu hao waliokolewa wapelekwe wapi. Nyumbani kwao kulikuwa mbali, vijiji vingine vilikuwa vimechomwa, na watoto wengine hawakuweza hata kutaja walikotoka. Wamisionari wa Kianglikana, wakiongozwa na William Salter Price, walinunua ardhi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa kati ya 1874 na 1875, wakajenga makazi na kuyaita Frere Town. Mamia ya waliookolewa walihamia hapo. Pana mnara wa kengele hadi leo, na panaitwa Kengeleni. Inasimuliwa kwamba kengele hiyo ililia kuwaonya watu kila lilipoonekana jahazi la wafanyabiashara ya watumwa, ili wasikamatwe mara ya pili.

Miongoni mwa watu wa kwanza wa makazi hayo na ya jirani yake Rabai walikuwamo wale waliolelewa India. Walikuwa watoto wa Kiafrika walionyang'anywa baharini miaka ya nyuma, wakapelekwa Bombay na kusomeshwa katika shule ya misioni ya Nasik. Huko walipewa majina mapya. Kijana mmoja Myao, aliyezaliwa akiitwa Chengwimbe, alitoka Nasik akiitwa Matthew Wellington. Mwingine aliitwa Jacob Wainwright. Wote wawili walikuwa katika msafara ulioubeba mwili wa Dakta Livingstone, aliyefariki tarehe 1 Mei 1873, kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,500 mpaka pwani. Februari 1874 mwili huo ulilazwa katika kanisa la misioni yetu ya Bagamoyo kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Wainwright alifuatana nao hadi London, akawa mmoja wa waliolisindikiza jeneza katika Westminster Abbey. Wellington aliishi hadi mwaka 1935, na alifia Mombasa.

Fikirini, wapendwa. Wellington lilikuwa jina la mtawala mkuu wa jeshi la Uingereza. Kijana wa Kiyao alilivaa kama mtu anavyovaa koti la mtu mwingine, kwa sababu lake lilikuwa limevuliwa njiani. Aliyempa hakuwa na nia mbaya. Lakini Chengwimbe alikuwa na baba, na baba alikuwa na babu, na mnyororo huo ulikatika. Hata kwa upande wetu Wakatoliki tunaye Mtakatifu Josephine Bakhita, msichana wa Sudan aliyetangazwa mtakatifu na Papa Yohane Paulo II tarehe 1 Oktoba 2000. Bakhita ni jina alilopewa na watekaji. Jina alilopewa na wazazi wake alilisahau kwa hofu na mateso, na hakulikumbuka tena. Kanisa zima linamwomba kwa jina lililotoka kinywani mwa wezi, na Mungu amelitakasa. Lakini Nabii Isaya, katika sura ya 43, anatufundisha kwamba Mungu humwita kila mmoja kwa jina lake na kumhesabu kuwa wake. Hivyo tunaamini kuwa jina lililopotea duniani halikupotea mbinguni.

SWALI LA UNGWANA

Wapo walioshika jina la kwao. Katika Frere Town ulikuwapo ukoo wa Mbotela, nalo pia ni jina adimu. Limetoka kusini, upande wa Ziwa Nyasa, pamoja na mtu aliyetekwa na kuokolewa. Mwaka 1934 James Juma Mbotela alichapisha kitabu cha Kiswahili kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kinachosimulia habari za watu hao. Ni miongoni mwa vitabu vya awali ambamo wazao wa waliokombolewa wanasimulia habari zao wenyewe kwa lugha yetu. Jina hilo hilo lilikuwa la Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha Kenya African Union, aliyeuawa Nairobi mwaka 1952.

Na jina hilo hilo lilipeperushwa hewani na Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Frere Town mwaka 1940, mtangazaji wa redio ya taifa ya Kenya, aliyefariki Februari 2025. Wasomaji wetu wa Kenya watamkumbuka kwa siku ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waasi walipomlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Lakini zaidi watamkumbuka kwa kipindi chake kilichoanza mwaka 1966 na kuendelea kwa miongo mingi, ambacho jina lake lilikuwa swali: Je, Huu ni Ungwana? Ndani yake aliwauliza wasikilizaji juu ya tabia za kila siku, kama vile mtu anayeruka foleni, au anayemtembelea mwenzake wakati wa chakula bila taarifa.

Hapo pana jambo ambalo tunawasihi mlione. Neno ungwana, katika Kiswahili cha kale cha pwani, halikuwa na maana ya adabu peke yake. Mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa. Ungwana ulikuwa ni cheo cha damu. Mtumwa, hata awe na adabu namna gani, hakuhesabiwa kuwa mwungwana, na mwanawe alinyoshewa kidole. Kisha akatokea mtu wa uzao wa waliokombolewa, mtoto wa Kengeleni, akaketi mbele ya kipaza sauti na kuliuliza taifa zima, wakubwa kwa wadogo, wenye nasaba na wasio nayo, kama matendo yao ni ya kiungwana. Neno lililokuwa ukuta wa kuwazuia babu zake likawa kipimo mkononi mwake. Kwa maoni yetu, ushindi huo ni mkubwa kuliko jina la mtu juu ya kilele cha mlima.

FILEMONI NA SISI

Katika Agano Jipya ipo barua fupi ambayo mara nyingi tunaipita. Mtakatifu Paulo, akiwa kifungoni, anamwandikia tajiri Filemoni juu ya mtumwa wake Onesimo, aliyetoroka na kisha kubatizwa. Paulo anamtaka Filemoni ampokee tena, lakini si kama mtumwa; ampokee kama ndugu mpendwa, kana kwamba anampokea Paulo mwenyewe. Naye anaongeza kuwa kama kuna deni, liandikwe kwa jina lake, atalilipa. Hapo ndipo tunapoona bei ya neno ndugu. Anayelitumia anajitwika deni la mwenzake.

Wazee wetu walilisema kwa kifupi: undugu ni kufaana, si kufanana. Bartle Frere alilibeba neno hilo katika jina lake tangu kuzaliwa. Kuna siku alilitimiza, na kuna siku alilisaliti. Nasi Wakristo tumelibeba tangu ubatizo, tena kila Dominika tunaitana hivyo kanisani.

Basi tujichunguze katika mambo mawili.

La kwanza ni dharau ya asili. Katika miji ya pwani, na hata bara, bado yapo maneno yanayosemwa kwa kunong'ona pale vijana wanapotaka kufunga ndoa: yule ukoo wake haujulikani, babu yake aliletwa, hawa hawana kwao. Karne nzima imepita tangu sheria ifute utumwa, na ndimi zetu bado zinautunza. Mzazi anayemzuia mwanawe kwa sababu ya namna hiyo anakifungua tena kile kilichofungwa Unguja mwaka 1873. Anayesema mwenzake hana kwao, akumbuke nyayo za Laetoli.

La pili liko ndani ya nyumba zetu. Yupo msichana anayeamka kabla yetu, anayechota maji, anayewaogesha watoto na kulala wa mwisho. Tunamwita dada. Ni jina zuri la ukoo, na kwa Kifaransa tungesema ni ndugu yake Frere. Lakini je, tunalijua jina lake la ubatizo? Tunalijua jina la baba yake, na kijiji alikozaliwa? Je, mshahara wake hulipwa mwezi unapokwisha? Dominika anapata nafasi ya kuja Misa, au analinda nyumba wakati sisi tunaimba? Kama tunamwita dada na kumtendea kama mali, tumejenga Frere Town ndogo sebuleni, yenye kibao kizuri mlangoni, na ndani yake mtu asiye na jina.

Tunapendekeza zoezi moja kwa juma hili. Kila familia imuulize msaidizi wake wa nyumbani majina yake yote matatu, iyaandike, na kumtaja kwa majina hayo katika sala ya jioni. Wasiobatizwa au wasiopata Kipaimara waletwe ofisini, siku yoyote ya kazi, ili waingie katika mafundisho. Na kwa wale wenye majina ambayo watu huyacheka au kuyatilia shaka, tunawaambia: yashikeni, yaandikeni, wafundisheni watoto wenu. Jina jema hung'ara gizani.

Mtakatifu Josephine Bakhita, uliyesahau jina lako usisahauliwe na Mungu, utuombee.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.